Asubuhi ya Mwisho ya Mwinyimvua

1

Bi. Mwavita Pazi alikataa kwa mara ya tatu, na safari hii alikataa huku akimega mkate wa kumimina aliokaribishwa. Hakufoka wala hakulia. Alisema hataki, kama mtu anayekataa kuongezewa chai, halafu akakung'uta makombo kwenye kanga yake na kuuliza kama anaweza kwenda nyumbani, maana ameacha maharage jikoni. Kama hujawahi kukataliwa na mwanamke mpole, ngoja yakukute. Anayefoka utapata pa kumshika. Mpole utamshika wapi?

Wakili Sikudhani Mbaruku, mpelelezi wa Tume ya Vurugu za Uchaguzi hapo Ruvu Mpya, alijikaza asionyeshe uchovu. Akamwomba mama wa watu akae kidogo tu, amwonyeshe kitu. Akawasha ukuta.

Picha ikatokea: ukumbi wa Mkunguni siku ya kura, mlango wake wa chuma, na Zakayo Mbelwa, aliyekuwa mgombea, akitia kufuli kwa mkono wake mwenyewe na kumwashiria mtu mwenye dumu la mafuta. Kila kitu wazi, hata pete kidoleni. Kisha Sikudhani akaweka picha ya pili. Ukumbi uleule, mlango uleule, kufuli lilelile, ila safari hii aliyekuwa anafunga ni yeye Sikudhani, tena kwa gauni hilihili la kijani alilolivaa siku hiyo.

"Hii wameitengeneza mawakili wa Mbelwa asubuhi ya leo," alisema. "Walikuwa wamekaa pale kwenye veranda wakisubiri chai. Wamenitumia na salamu."

Hapo ndipo dunia ilipokuwa imefika. Picha haikuwa na thamani, sauti haikuwa na thamani, na mtu aliyesimama kizimbani na kuapa aliweza kujibiwa kwa picha yake mwenyewe akisema kinyume. Mahakama zikaacha kuamini chochote kinachoweza kutengenezwa. Kilichobaki ni kimoja tu, kumbukumbu yenyewe, iliyochotwa kichwani mwa aliyeona na kutiwa kwenye chupa. Hiyo hakuna fundi aliyewahi kuighushi. Na kwa kuwa kinachonakiliwa kinaweza kuchezewa, sheria ilidai chanzo chenyewe, nakala haikupokelewa. Ukishachotwa, umechotwa. Unarudi nyumbani na akili zako timamu, ila siku hiyo huna tena, na utakachojua kuihusu ni kile utakachoambiwa na watu.

Kwa hiyo kushuhudia, kwa watu wa zama zile, kulikuwa ni kusahau. Na katika umati wote uliokuwa barabarani siku ile ukumbi wa Mkunguni ulipowashwa moto na makarani kumi na mmoja ndani yake, aliyekuwa karibu kiasi cha kuuona uso wa aliyefunga mlango ni Bi. Mwavita peke yake, amesimama na bakuli mkononi. Mmoja wa wale makarani alikuwa Mwinyimvua, mumewe.

Sikudhani alimuuliza kwa mara nyingine, kwa sauti ya chini, kama hataki Mbelwa afungwe.

"Namtaka afungwe hata sasa hivi, kabla sijamaliza mkate huu," alijibu Bi. Mwavita. "Lakini asubuhi ile mume wangu alikuwa hai. Nilimuuliza fundi wenu wa mashine kama anaweza kuchota mlango akaniachia asubuhi. Akaniambia haviachani, mtu akivuta kimoja kinakuja na kingine. Sasa wewe, mwanangu, una wa kwako? Basi kama unaye, hutaniuliza tena."

Sikudhani hakuwa naye, aliachika zamani, lakini hakuuliza tena. Akamwagiza dereva ampeleke mama nyumbani kabla maharage hayajaungua.

2

Kamishna Barongo, mkuu wa Tume, hakuwa mtu mbaya. Ninalisema hili mapema kwa sababu watu wakisimuliwa habari zake hupenda kumkunjia uso. Alikuwa mtu aliyekaa na ndugu za marehemu wote, nyumba kwa nyumba, akala ugali wao na kuahidi mbele yao kwamba aliyefunga mlango ule atajulikana. Ahadi ile ilimnyima usingizi, na mtu asiyelala huwa na haraka.

Alimkumbusha Sikudhani mambo anayoyajua. Ijumaa jaji atauliza kuna chupa au hakuna. Kama hakuna, Mbelwa anatoka, na akitoka hakamatwi tena kwa kosa lilelile. Kisha akamkumbusha Sheria ya Shahidi Mkaidi. Mpelelezi akiona shahidi anaficha kwa makusudi jambo la mauaji, anaweka dole gumba lake kwenye amri, na shahidi anachotwa apende asipende. Dole lilitakiwa liwe la mpelelezi mwenyewe aliyemhoji. Barongo angekuwa na uwezo angeliweka lake.

Shida ni kwamba Sikudhani alikuwa ameshaona kuchotwa kwa nguvu kulivyo. Mwaka uliotangulia mpelelezi mwenzake alimpeleka kwenye mashine mlinzi mmoja wa ghala, mtu wa makamo, na yeye Sikudhani alikuwa chumbani. Kumbukumbu ina mizizi, ndivyo mafundi wanavyoeleza. Mtu akiwa radhi, analegea, na mzizi unatoka safi na siku yake moja. Akipigana, anajikunja, na kila alichojikunjia kinang'oka pamoja. Yule mlinzi alipotoka alimkuta mwanamke anamsubiri getini, akamwamkia kwa heshima na kumuuliza amekuja kumtafuta nani. Alikuwa mke wake, amezaa naye.

"Kumi na mmoja, Sikudhani," Barongo alisema. "Hao nao walikuwa na wake zao na waume zao. Nikawaambie nini? Kwamba shahidi alikuwa na huzuni?"

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomuuma Sikudhani kuliko yote. Upande huu haki na upande ule haki, na dole gumba ni moja. Akaomba aachiwe mpaka Alhamisi jioni. Barongo akasema sawa, ila amri aibebe mkobani, asiiache mezani.

3

Nyumba ya Bi. Mwavita ilikuwa kwenye safu zile za nyumba zilizofinyangwa na mashine wakati bahari ilipowafukuza watu wa pwani, zote zinafanana kama ndugu, ila yake ilijulikana kwa mlango aliohama nao, wa mbao, uliochongwa. Sikudhani alibisha hodi mchana. Alimkuta amekaa kwenye mkeka, anachambua mchele, akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba na kusogezewa ungo. Basi wakawa wanachambua wote.

Hakuitaja amri. Aliuliza habari za marehemu, alikuwa mtu wa namna gani, na Bi. Mwavita akamjibu kwa kifupi, mtu mwema, mpenda kula. Halafu akakasirika, si kwa Sikudhani tu, kwa serikali nzima.

Alisema mume wake amezikwa kama waziri. Bendi, bendera, askari wenye glavu nyeupe, na hotuba mpaka miguu ikafa ganzi. Lakini watani walizuiwa getini. Nkwabi Kasanda, Mnyamwezi, mtani wa ukoo wao tangu enzi za babu, alikuja amevaa gunia na kugonga debe kama inavyotakiwa, askari wakamwambia hawa ni mashujaa wa taifa, hawachekwi. Wakamgeuza na debe lake.

Sikudhani alikumbuka siku hiyo. Agizo la kuzuia watani lilitoka kwa Barongo, kwa nia njema kabisa. Sikudhani mwenyewe alikuwa mtu wa Pemba, utani aliujua kwa juu juu, wa kutupiana maneno ofisini, na alipoona yule mtu wa gunia anafukuzwa alidhani ni mlevi. Akauliza kwa adabu kama jambo lile lilikuwa zito kiasi hicho.

Bi. Mwavita akaweka ungo chini.

"Mwanangu, kwetu mtu akifa, mtani anavaa nguo zake. Anatembea mwendo wake, anakohoa kikohozi chake, anagombana na mjane kama alivyokuwa akigombana mwenyewe. Watu wanacheka mpaka wanalia. Wakitoka pale kila mmoja ana kipande chake cha marehemu, wa mbali ana cha mbali, wa karibu ana cha karibu. Mwinyimvua hajaigwa. Hakuna aliyeondoka na kipande. Mzima mzima yumo humu." Akajigusa paji la uso. "Ndiyo mnataka mnichote."

Sikudhani aliendelea kuchambua mchele ambao ulikuwa umeshakwisha mawe. Akauliza, kwa kujaribu tu, ingekuwaje kama Nkwabi angekuja sasa. Si kaburini, hapa nyumbani. Aambiwe kila kitu cha siku ile ya mwisho, aibebe yeye, aiige mbele ya watu, na mashine ikishachukua ya kwake mama, asubuhi ile iwe bado iko mtaani kwa watu.

Bi. Mwavita akasema utani wa kuchelewa hivyo haujapata kutokea, watu watawashangaa. Baada ya hapo akasema Nkwabi mwenyewe ni mwalimu wa hesabu sekondari, siku hizi amejifanya mstaarabu, labda amesahau. Mwisho akauchukua tena ungo wake.

"Mwite," alisema. "Lakini mwambie aje na ushenzi wake wa Kinyamwezi. Asije na adabu za serikali."

4

Nkwabi alikuja jioni ileile, mrefu, mwembamba, chaki bado iko kwenye mkono wa shati. Kabla hajavua viatu alishauliza kwa nini nyumba ya Wazaramo inanuka nazi hata kwenye msiba, na Bi. Mwavita akamwambia apite uani kwa sababu wapagazi hawaingilii mlango wa mbele. Basi, wakawa wamekwisha salimiana. Wakakaa wawili barazani mpaka adhana ya magharibi, yeye mama akisimulia kwa sauti ndogo, Nkwabi akitikisa kichwa, mara moja moja akinyanyuka na kujaribu hatua mbili tatu, akisahihishwa. Sikudhani alikaa mbali, upande wa kisima, hakutaka kusikia. Yale hayakuwa ya Tume.

Alhamisi asubuhi uwanja wa nyumba ulijaa. Walikuja majirani, wakaja ndugu wa makarani wengine, maana habari ilikuwa imezagaa. Akaja hata Kamishna Barongo ndani ya suti yake. Watani walimdaka mlangoni, wakamuuliza ndiye yule aliyemkataza marehemu asicheke, wakamkalisha chini kwenye mchanga na kumvika ufagio shingoni. Barongo akakaa na ufagio wake. Nasema tena, hakuwa mtu mbaya.

Nkwabi akatoka ndani amevaa kofia ya Mwinyimvua na kizibao chake cha karani wa uchaguzi, na uwanja mzima ukavuta pumzi. Alikuwa anaegemea kushoto kama marehemu, kwa lile goti bovu. Alikuwa anahesabu kila kitu kwa kunong'ona, kuku, vikombe, watu, kama marehemu. Kila alipotaka kusema uongo alikohoa kwanza, na watu waliomjua Mwinyimvua wakaangua kicheko kwa sababu kumbe wote walikijua kile kikohozi na hakuna aliyewahi kukisema.

Kisha akaiigiza asubuhi yenyewe. Mwinyimvua amekaa anakunywa uji, analalamika uji una pilipili manga nyingi, anaongezewa, anamaliza wote. Anauliza mchana kutapikwa nini. Anaambiwa wali. Anakohoa, anasema yeye si mlafi, ila ule ukoko wa chini ya sufuria usipewe mtu. Hapo Nkwabi akajifunga kanga na kuwa Bi. Mwavita, mkono kiunoni: "Nenda kahesabu kura zako, mzee. Rudi mapema, ukoko nitakuwekea." Anatoka, anarudi, amesahau miwani. Anatoka, anarudi, amesahau kalamu. Anatoka, anarudi mara ya tatu, anasimama mlangoni, na safari hii hakuna alichosahau. Anamtazama tu mkewe. Kisha anakwenda.

Bi. Mwavita alicheka mpaka kanga ikamvuka begani. Alicheka akigonga mapaja, na kicheko kikageuka kilio pasipo mtu kuona kiligeukia wapi, na wanawake wakamshika, na wao wanalia. Mjane wa mmoja wa wale makarani wengine aliinuka akamuuliza Nkwabi kama Wahehe nao hawana mtani hapa wa kumuigia wa kwake. Barongo alikuwa ameinamisha kichwa, ufagio umegusa magoti.

Alipotulia, Bi. Mwavita alijifuta uso, akajifunga kanga vizuri, akamfuata Sikudhani.

"Sasa twende," alisema. "Nipeleke kabla sijabadili nia."

Amri haikutolewa mkobani. Alikwenda kwa miguu yake na dole lake mwenyewe likawekwa kwenye karatasi ya ridhaa.

5

Kofia ya mashine ni baridi, ndilo jambo pekee ambalo waliochotwa wote wanalikumbuka. Fundi alimweleza Bi. Mwavita kwamba Alhamisi yake itabaki. Kicheko cha Nkwabi ni cha Nkwabi, hakina mzizi wa siku ile. Kitakachoondoka ni siku yenyewe na kila wakati alipokaa akaikumbuka. Atakumbuka kwamba alimsimulia mtani wake, na maneno aliyosema atayakumbuka, ila hatajua tena aliyachota wapi. Mama akauliza kama itauma. Akaambiwa hapana. Akasema basi hakuna haja ya kushikwa mkono, na hapohapo akaushika mkono wa Sikudhani kwa nguvu.

Alilegea. Mzizi ulitoka safi. Fundi aliinua chupa kwenye taa na kusema tangu aanze kazi hajaona iliyotulia namna ile.

Sheria ilimtaka mpelelezi aitazame kumbukumbu yote, peke yake, tangu mwanzo hadi mwisho, ili aape kwamba haijakatika. Baada ya hapo sehemu inayohusu mauaji inakwenda kwa jaji, na iliyobaki inafungwa milele. Anayetoa siri yake anakwenda jela. Sikudhani alijifungia chumbani, akavaa miwani ya kutazamia, na mara akawa amesimama jikoni kwa Bi. Mwavita, kwa macho ya Bi. Mwavita.

Mwinyimvua alikuwa anafunga makubazi. Uji ulikuwa mezani, haujaguswa. Hakuna aliyekuwa anacheka.

Mwanamke alikuwa anasema, na Sikudhani aliisikia sauti ikitoka kifuani kama yake mwenyewe. Alikuwa anamwambia mumewe kwamba jana wamevunja madirisha kwa karani wa kata ya pili, kwamba wamesema wazi atakayehesabu atajuta, kwamba yeye si kijana, na goti hilo atakimbia nalo wapi. Mwinyimvua alijibu kwamba lazima awepo mtu wa kuhesabu. Mwanamke akarudia yote kwa ukali zaidi. Mwanamume akasimama. Na hapo yakatoka maneno ambayo Sikudhani, ndani ya kichwa kisicho chake, aliyasikia yanakuja na hakuweza kuyazuia.

"Nenda. Na ukivuka mlango huu, usirudi."

Mwinyimvua alikohoa, kama anayetaka kusema kitu. Akaondoka. Hakurudi kuchukua miwani, ilibaki palepale mezani karibu na uji. Hakurudi kuchukua kitu chochote.

Mwanamke alikaa muda mrefu amekodolea macho miwani ile. Mchana akapika, wali wa watu wawili. Ulipoiva alikwangua ukoko kwa mwiko, taratibu usivunjike, akautia kwenye bakuli, akachukua na miwani, akatoka nyumbani nusu anatembea nusu anakimbia. Njia nzima midomo ilikuwa inamcheza, anapanga atakavyomwambia. Akafika barabarani. Akaona mgongo wa mtu kwenye mlango wa chuma, akasikia kufuli likishika, na mtu yule akageuka, na alikuwa Zakayo Mbelwa. Kisha moshi. Bakuli halikumtoka mkononi mpaka mwisho wa chupa.

Sikudhani alivua miwani akalia kwa sauti, hakujali wa nje. Kumbe mama huyu hakuwa ameing'ang'ania asubuhi ile kwa utamu wake. Alikuwa anaishi na lile neno, anaamka nalo na kulala nalo, akiamini ndiyo haki yake kulibeba. Na pale barazani na Nkwabi, alipojua kwamba atasahau, alikuwa amechagua mwenyewe atakachoachiwa.

Akanawa uso, akaapa mbele ya fundi kwamba kumbukumbu ni nzima, akaifunga.

Ijumaa jaji aliona kuanzia barabarani tu. Mawakili wa Mbelwa walitazama chini, na safari hii hawakuwa na picha ya kumtumia mtu. Dhamana ikakataliwa, kesi ikapangiwa tarehe ya hukumu, na nje ya mahakama ndugu wa marehemu walimkumbatia Kamishna Barongo. Yeye alimwambia Sikudhani kwamba aliyestahili kukumbatiwa hakuwepo pale, na kwamba agizo lake la kuwazuia watani amelifuta.

6

Sikudhani alikwenda kumwona Bi. Mwavita siku ya Jumapili, baada ya adhuhuri. Kwenye mtaa wa nyumba zinazofanana watoto walikuwa wamepanga mstari, wote wanaegemea kushoto, wanahesabu kuku. Bi. Mwavita alikuwa barazani akiwatazama. Alikuwa amenawiri, hata Sikudhani alijiuliza kama ndiye. Alipewa shikamoo, akaitikia, akamkalisha karibu.

Alisema kuna pengo, ndiyo, kama jino lililong'oka, ulimi unakwenda pale pale. Lakini hakuwa anaumwa. Mambo ya Nkwabi anayo yote, akiyafikiri anacheka mwenyewe jikoni. Watu wamemwambia kwamba siku ile walimkuta na bakuli la ukoko mkononi, na hilo limemfurahisha, maana linalingana.

Kisha akawanyamazisha wale watoto, akawaambia wakachezee kwingine, na akangoja mpaka wametoweka.

"Nkwabi aliniigia nilichomwambia," alisema. "Namkumbuka ananisikiliza, nayakumbuka na maneno niliyokuwa nasema. Ila sijui kama nilimwambia kweli. Wewe uliiona ilivyokuwa."

Sikudhani alikuwa na jibu tayari, la sheria. Kilichofungwa kimefungwa, asingeruhusiwa kusema hata angetaka. Lingekuwa jibu la kweli na lisingemtia hatiani. Lakini alimtazama mama yule machoni, akajua kwamba akikwepa kwa sheria, kukwepa kwenyewe kutakuwa jibu.

"Ndivyo ilivyokuwa, mama," alisema.

"Nilimwambia arudi mapema?"

"Ulimwambia arudi mapema, na ukoko utamwekea."

Bi. Mwavita akashusha pumzi ndefu, mabega yakamlegea. Akaupapasa mkono wa Sikudhani, akacheka kidogo kwa aibu.

"Alhamdulillahi. Nilikuwa na hofu, mwanangu, sikufichi. Mimi na yule mzee tulikuwa watu wa kugombana sana. Nikasema, isije ikawa na siku ile nilimtolea neno."

Sikudhani hakuwahi kutoa ushahidi wa uongo maishani mwake.

"Siku ile hamkugombana," alisema.